Kifuniko

Mara ya kwanza nilimpelekea Etelka kifuniko
nilichokipenda kuliko haja.
Miezi minane: bonyeza, zungusha, rangi ya maziwa,
na mlio wake wa kufunga
ambao Zsombor, ofisini, aliufananisha na mlango wa gari ghali.
Akakipokea. Akakigeuzageuza.
Akaingia jikoni, akatoka na koleo.

Ngoja, nikasema, unabonyeza kwanza,
naye akaniinulia vidole,
vimepinda kama tangawizi,
asiseme neno.
Koleo likauma, plastiki ikalia,
vidonge vya moyo vikatawanyika chini ya meza.
Kimoja paka akakikimbiza hadi mlangoni.

Nilikuwa na maswali ishirini na mawili, yamepigwa chapa.
Nikayakunja.
Nikapiga magoti, ghorofa ya nne, mjini Szeged,
nikiokota dawa za mtu,
na ni kutoka sakafuni nilipoiona, rafu ya chini kabisa,
chupa ya haradali iliyooshwa,
dawa za wiki nzima ndani yake,
nyeupe na nyeupe na nyeupe.

"Hiyo inafunguka," akasema.

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Mimi nilikichonga, nikakipiga msasa,
nikakisifu mbele ya wakubwa,
kisha nikamlaza mwingine.

Nyumbani nilivaa glavu mbilimbili za bustani,
nikaziloweka kwenye maji ya barafu,
nikahangaika na chupa hadi usiku wa manane.
Lakini glavu huvuliwa.

Basi kila Alhamisi napanda ngazi zile
na mfuko wa vitu vibaya: maboksi, udongo, gundi haijakauka.
Kimoja kina masikio. "Hiki ni cha bomba la maji," anacheka,
na anakifungua kwa ubavu wa kiganja,
hata hatazami, anaendelea kunisimulia
jinsi jirani anavyomwibia gazeti.

Nilikaribia kulia. Nilikaribia kumpigia Zsombor simu.

Akaita, "Bence!"
Mjukuu, miaka mitatu, jamu kidevuni.
Sekunde nne. Nilihesabu.
Karanga tulizoziweka badala ya dawa
akazila zote.

Narudi mezani, basi.
Etelka amenifungia koleo lake kwenye gazeti la jana.
"Kaa nalo mpaka umalize," aliniambia mlangoni.
"Mimi bado nina haradali."