Mtambo wa Risasi Moja

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
Fundi Hoza kafungua mtambo juu ya gunia:
nyundo, wenzo, springi, pini mbili,
na kile kipande kinachoshuka na kupanda
kama taya la ajuza anayetafuna tambuu.
Kiwanda kilichoutengeneza kilifungwa
kabla babake hajatahiriwa.

Kibali cha polisi kimechukua miezi kumi na mmoja.
Chuma ni ekseli ya toroli la mkonge,
springi ni ya lori lililofia Pongwe.

Cha kwanza kilikwama.
Cha pili kilicheza, unywele mmoja tu;
akakitupa ndooni bila neno.
Cha tatu kilipasuka kwenye maji,
nasi tuliokuwa tukivukuta moto tukatazama miguu yetu.

Mwezi mzima tupa ililia.
Fundi cherehani wa jirani akahamia barazani.

Cha nne alikipaka masizi ya kibatari,
akakipandisha, akakishusha,
akasoma alama nyeusi kama asomaye barua ya posa,
akakwangua penye doa,
tena, tena,
mpaka kikafunga:
ka.

Afisa wa maliasili akaja kugonga namba.
"Mzee, siku hizi watu wanataka za risasi kumi."
Hoza akafuta mikono kwa kanga kuukuu.
"Nguruwe aliyekoswa," akasema,
"hasubiri ya pili."

Jioni akatutuma kahawa.
Akabaki peke yake na ule mtutu mtupu,
akifungua, akifunga.
Tulimsikia tangu kona ya msikiti:
ka.
ka.