Herufi Moja

Saa tatu kasorobo, chumba cha nyuma, Kisian,
nahesabu maiti.

Jana waliingia mrijani ishirini na tano,
majike watupu, wa siku tatu, hawajaonja damu,
niliowalea kwenye beseni tangu viluwiluwi,
tangu nilipowachota kwa upawa
katika nyayo za ng'ombe, kandokando ya mpunga, Ahero.
Saa nzima juu ya karatasi yenye dawa.
Kisha pamba ya maji ya sukari, usiku, na kungoja.

Tisa wamelala chali.
Kumi na sita wametua ukutani,
vichwa chini, matako juu,
kama wageni wasiojua kuaga.

Obuya, aliyenifundisha kazi hii, alichora lango kwa chaki.
Neva ina lango, alisema. Dawa huligongomea wazi,
mdudu hutetemeka mpaka basi.
Hawa lango lao limepinda bawaba, dawa haishiki.
Herufi moja: palipokuwa na T, pana C.
Moja tu?
Andika kifo. Futa f, weka t.
Nikaandika. Nikabaki nakitazama kito.
Na mji huu, akaongeza akivaa koti,
sumu imo ndani ya jina lake, watu wanashangaa nini?

Mama huuliza kwenye simu: nani kawafundisha?
Hakuna, mama. Dawa haifundishi, inachagua.
Bibi yao mmoja alizaliwa na kosa hilo,
kosa la mnakili aliyesinzia,
likamkaa mwilini bure, halimfai kwa lolote,
mpaka tukaja sisi na neti,
sisi na pampu mgongoni kwenye mpunga,
dawa ya ukoo ule ule.
Tukawaua dada zake, tukamwachia uwanja.
Mshenga ni sisi.

Lakini mama haulizi kwa ajili ya elimu.
Juni ile, Adera wa kaka yangu alikaa siku nne kwenye dripu,
na yeye, kwenye benchi la wodi, alirudia neno moja:
nilichomeka.
Pembe zote nne, chini ya godoro, nilichomeka.
Akahesabu kwa vidole, kama aliyeko mahakamani,
na hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Naandika: waliokufa, thelathini na sita kwa mia.
Nawagandisha walio hai,
nang'oa kila mmoja mguu, mwembamba kuliko kope,
nautia kichupani, uende ukasomwe.
Navua glavu. Nanawa. Nanawa tena.

Kisha nampigia.
Anapokea na uzi mdomoni, anaziba tundu la neti,
ile ya bluu, yenye viraka kuliko kitambaa.
Shona tu, mama, namwambia, pazia bado ni pazia.
Ila zile pembe nne, nataka ujue kitu

Ngoja, anasema,
nikate uzi.