Mkate Haujaiva

Kila siku aliomba risiti.
Bei hakuiangalia. Aliangalia saa
iliyochapwa chini kabisa, kwa wino hafifu,
kisha akaikunja mara nne.
Kutoka mlangoni kwake hadi tanuri langu ni dakika sita,
theluji ikianguka, nane.
Mumewe alizipima kwa miguu yake mwenyewe.

Nilijua kabla hajasema.
Aliyewahi kuishi kwa saa ya mwenzake
huutambua mwendo ule, haraka isiyothubutu kukimbia.
Nami niliishi hivyo miaka kumi na mmoja,
na mume wangu alipokufa nikalia msibani
kama inavyotakiwa.

Mwezi wa saba, Kutaisi inachemka,
mto Rioni umepungua hadi mawe yameota jua,
Nestani akaja na kitambaa cha sufu shingoni.
Sikumuuliza kitu.
Nilisema: "Mkate haujaiva. Pita nyuma ungoje."
Mikate arobaini ilikuwa mezani mbele yake,
inafuka mvuke.
Akaitazama. Akanitazama.
Akapita.

Nyuma kuna magunia, stuli,
kalenda ya mwaka juzi na simu ya mezani
aliyoiacha mama mkwe.
Siku ya kwanza aliketi tu.
Siku ya tatu alilia, akanawa uso
kwa maji niliyoyatenga ya kukandia.
Siku ya tisa akanyoosha kidole kwenye kalenda:
"Hii namba ya nani?"
Nilikuwa nimeiandika kwa penseli, mbali na jina lolote.

Lamara, sauti ya upande wa pili,
hakumwambia "mwache."
Aliuliza: Uko salama sasa hivi?
Watoto wangapi?
Simu yako, nani mwingine huishika?

Risiti niliichapa mwishoni, akiwa anatoka.
Dakika ishirini na mbili.
Aende akaseme tanuri bovu.

Lakini uongo mzuri hauwezi kubebwa na wawili.
Foleni ilielewa bila kuambiwa.
Mzee Varlami alikutana na Gocha barabarani
akaapa kwa magoti yake yote mawili:
"Nusu saa nimesimama! Nusu saa!"
Wale dada wa duka la viatu wakaongeza
kwamba hata ukiiva, katikati ni mbichi.
Miezi mitatu jina langu likaharibika mjini,
mimi, binti, mjukuu na kitukuu wa waokaji.
Sijawahi kujivunia kitu kama hicho.

Gunia la nne kutoka ukutani lilimeza
pasipoti, kadi ya chanjo ya Tekle,
viatu vya baridi vya Bachana,
karatasi ya daktari,
noti moja, wiki ijayo nyingine.

Gocha mwenyewe alikuja. Mpole. Ananukia vizuri.
"Tanuri lenu lina nini?"
"Uzee, bwana."
Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga,
ndiyo maana hakuiona.
Akanunua mmoja. Nikampa risiti.

Alhamisi moja, gari likinguruma uchochoroni,
mwanamke kwenye usukani, watoto wamelala chini ya blanketi
kama mchezo waliofundishwa,
Nestani alitokea mlango wa nyuma.
Mkate akausahau.
Risiti niliichapa vilevile: saa nne na dakika tisa.
Iko kwenye droo.

Usiku ule Gocha aligonga hadi kioo kikapasuka.
Foleni yote ilikuwa ndani, imeketi kwenye magunia,
na hapakuwa na mkate hata mmoja wa kununua.

Aliko sijui. Sikuuliza, nisije nikajua.

Theluji ilipoyeyuka ikaja bahasha isiyo na neno.
Ndani risiti,
imekatwa juu kwa mkasi pale penye jina la duka.
Aiskrimu tatu.
Saa tano na dakika arobaini na moja, usiku.