Ile "Ku" ya Katikati

Saa tisa usiku, Winnipeg. Kioo cha duka la donati
kimeota manyoya ya barafu, na redio juu ya rafu ya sukari
inaimba kwa ajili yetu wawili, Darlene na mimi,
maana dereva wa gari la kuzoa theluji
bado hajaja kunywa kahawa yake.

Binti anaimba. Kaacha taa ya kibarazani ikiwaka,
mlango kaurudishia tu, hakuufunga.
Miaka mitatu, anasema, na sahani bado ipo mezani.

Mimi Kiingereza hukitafsiri mikono ikiwa kwenye unga.
Ni ugonjwa wa zamani. Na kila nikitafsiri
hujitokeza ile "ku" ndogo katikati ya kitenzi:
nakungoja, nakuita, nakuhitaji,
"ku" ileile niliyofundishwa kuipigia magoti.
Nakuomba. Nakushukuru.
Haina herufi kubwa. Haisemi ni ya nani.

Mwalimu Rwegoshora, aliyetupangia sauti nne kule Kanyigo,
alikataza nyimbo za dunia.
Alikamata kaseti yangu, akauchomoa utepe wote,
akauzungushia bustani ya mtama kutishia ndege.
Wiki nzima upepo ukaimba pale.
Sikuthubutu kumwambia kuwa ulikuwa ukiimba vizuri.

Simbezi. Si kila "ku" ni Mungu;
nyingi ni simu isiyopokelewa, basi.
Mwezi jana niliupa wimbo mmoja mahubiri kamili kichwani,
kumbe ni tangazo la magodoro.

Lakini huyu wa taa.
Yule baba aliyeikazia macho barabara
tangu kabla kijana hajayachoka maganda ya nguruwe,
nani alimsimulia binti huyu habari zake?

"Anamngoja mwanawe," nikasema.
"Anamngoja mpenzi," akajibu Darlene,
mtu asiyekanyaga kanisani tangu mazishi ya mamake.
Akageuza donati tatu kwenye mafuta.
Kisha, bila kunitazama: "Trevor ana ufunguo.
Sijabadilisha kitasa."

Miaka miwili tunakanda pamoja.
Sikujua kama ana mtoto.

Redio ikahamia hali ya hewa: hasi thelathini na moja.
Nje mwanga wa gari ukakata kona,
na Darlene akainua shingo kabla yangu,
akafuta kioo kwa kiganja, akachungulia.

Alikuwa mtu wa theluji.
Akashusha vikombe.