Hii Haisemi

Jina langu Tatu, wa tatu kwa mama,
na wageni wakipita Jambiani husoma kibao changu
wakadhani fundi wa rangi alisahau herufi.
Waache. Tojo ndiyo kazi yangu, jina nilizaliwa nalo.

Ile ya zamani ilikuwa ya shaba,
nzito kama kufuli la ghala,
koili mbili na mpira wa kufungia noti.
Ikiwaka, nyigu kumi ndani ya kopo.
Miaka sita tulichanja pamoja.
Jioni kiganja kilikufa ganzi,
uzi siuoni tundu la sindano.
Mfunguo Tano ikaanza kurukaruka,
mistari ikatoka na kigugumizi.

Nikaenda Darajani kwa Vuai,
muuza chaja, vioo vya simu,
na hizi pia, ukimjua.
Akavuta mtoto wa meza, akalaza mbili juu ya gazeti.
Moja pacha wa yangu, inang'aa, bei ya mbuzi.
Moja mfano wa kalamu, nyeusi, betri kisiginoni,
bei ya mbuzi watatu na banda lao.
"Hii haisemi," akasema Vuai,
kama anayesifia mke wa mtu.

Nikafumba macho, nikaandika hewani jina la mama:
Mkasi kwa shaba,
Mkasi kwa kalamu.
Ya kwanza bega liliitambua.
Ya pili nusura iniponyoke kwa wepesi,
sikuijua kabisa.
Nikainunua hiyo. Usiniulize.

Wiki tatu nikachanja mabalungi.
Ganda lake lina vitundu kama ngozi yetu
na lina adabu: ukizidisha kina, linalia,
maji yanachuruzika, wino unatapakaa.
Yalilia mengi.
Kumbe ile nyigu ilikuwa ikiniambia,
sauti ikididimia, umezama,
ikipanda, unaelea juu juu.
Kumbe nilikuwa nachora kwa masikio!
Na huyu bubu wangu mpya
hukosea vilevile anavyopatia,
bila hata kukohoa.

Mama akapita na chai yake,
akatazama karai la matunda yaliyoandikwa.
"Hina haikutaka yote haya."
Akachagua lenye jina lake,
akalimenya ganda nene, akala akisimama.
"Chungu," akasema. Akamaliza.

Kisha akaja Kombo, fundi mabomba.
Hakutaka kasa, hakutaka ua, hakutaka simba.
Alitoa kikaratasi chenye tarakimu kumi na moja,
nambari ya mita ya umeme
ya nyumba ya bibi yake
iliyobomolewa kupisha barabara.
"Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kununua umeme.
Naijua kwa ghibu.
Naogopa siku nitakayoikosea."

Akanyoosha mkono juu ya mto.
Sifuri ya kwanza ilitetemeka.
Nne ikaegemea upande kama mtu mwenye usingizi.
Nikaomba radhi. Akaitazama, akacheka:
"Iache. Mita yenyewe ilipinda ukutani."

Kwenye tarakimu ya sita ndipo niliposikia.
Si mashine.
Pumzi yake.
Ikikatika, nimezama.
Ikirudi, niko pake.
Feni ilizunguka, jogoo wa jirani akawika saa nane mchana,
na yule mtu alikuwa akinielekeza njia
bila kujua, kwa pua tu.
Miaka sita watu walipumua kitandani pangu
chini ya kelele ile,
nami nikiwaambia wasitikisike.

Tano, tisa, tisa, moja, mbili.
Nikafuta wino, nikapaka mafuta.
Akaisoma yote kwa sauti, taratibu,
kama mtoto aliyesimama dirishani na noti mkononi.

Ya shaba nimeitia kopo la biskuti.
Usiku mwingine umeme ukirudi
naiwasha kidogo. Si kwa kazi.
Mama hugonga ukuta:
"Tatu! Watu wamelala."