Pete ya Pipa

Ringi ilikuwa pete
ya pipa la kwetu Wete,
karafuu pembe zote
zimeanikwa uani.

Mpira ukianguka
karafuu zinaruka,
huku bibi akifoka:
“Okota, zi mchangani!”

Niliokota kwa kucha,
punje moja sikuacha,
na asubuhi kukicha
nina mpira kwapani.

Kocha Biubwa Shaame
akanena: “Yainame
magoti, na usihame,
asipite mtu ndani.”

Nikaitwa na Unguja;
viatu ni jozi moja,
wawili tukivingoja
zamu kwa zamu benchini.

Mshahara wa Kigali
ndio bati letu hili.
Bibi kauliza: “Kweli
mtu hulipwa mpirani?”

Msimu wa nne, goti
likatoa kisauti
kama kuvunja kijiti,
nikabaki sakafuni.

Mtaani wakanena:
“Mwisho wake tumeona.”
Bibi alikanda sana
kwa karafuu, gotini.

Nilirudi bila mbio,
nikatumia sikio,
pasi ndiyo kimbilio:
misimu mitatu duni.

Leo pete ina kutu.
Mpwangu, hana viatu,
karusha mara ya tatu –
karafuu zi hewani!

Mdomo wangu nafunga.
Goti bado laniwanga.
Nazichambua mchanga,
kucha sina vidoleni.