Mkungu Upi

Nilisema mkungu, mama mkwe akaenda kuleta ndizi.
Kwao Heru Juu mkungu ni mmoja tu,
ule unaobebwa begani ukaning'inizwa jikoni mpaka uive.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Bibi Nyandwi hakucheka. "Sasa wako ni upi?"

Nikafungua pindo la kanga: kungu mbili kavu,
nyepesi kama viatu vya mtoto mchanga.
Zilitoka nami Pangani, zikalala nami stesheni ya Tabora,
zikashuka Kigoma zimejaa vumbi la mabehewa.

Nililoweka usiku mmoja.
Moja nikaifukia nyuma ya choo, panya wakaila.
Nyingine mbele, hatua nne kutoka ukutani.
Hatua nne za kwangu, Bukuru.
Ungekuwa nyumbani siku ile ungenipimia kwa miguu yako mirefu,
na ukuta usingepasuka.

Mwezi na ushei ardhi haikusema kitu.
Kisha kichwa, majani mawili, na mbuzi wa jirani.
Nikauzungushia miiba. Maji ya kuoshea vyombo, yote kwake.
Mwaka wa pili ukajenga ghorofa, matawi yamelala
kama sinia mikononi mwa mpishi;
mwaka wa tatu, ghorofa jingine juu yake.
"Mti huu una ramani," alisema Bibi Nyandwi.

Kiangazi majani yakaiva mekundu, akaja mbio:
mti wako unaumwa!
Hauumwi, mama, unavua nguo kuukuu.
Akashika ufagio. Miaka kumi na moja
tuligombania ufagio ule.

Magome niliyachemsha, ukili ukatoka mweusi.
Majani yalikwenda Kibirizi kufungia dagaa.
Watoto wa Mwanga yote wanajua jiwe la kupasulia liko wapi,
na kwamba ukipiga kwa hasira kiini kinasagika.
Popo nao, wakila, hutupa kokwa juu ya bati usiku wa manane,
nami huamka nikidhani ni wewe, umesahau funguo.

Funguo zimo ndani ya ufa wa ukuta.
Ufa una kazi yake sasa.

Siku za mwisho, wageni wakiuliza njia,
Bibi Nyandwi alijibu kutoka mkekani:
"Mkungu upi? Wa kula, au wa kukalia?"

Leo amekuja Butoyi, pacha wako, na futi kamba.
Anataka fremu tatu za duka barabarani,
mti utatoa mbao za milango.
Kapima. Kisha, sijui kwa nini, akarudia kwa miguu,
miguu ileile yako, Bukuru,
kutoka shinani mpaka ukutani: mbili na nusu.
Akasimama pale, mguu mmoja hewani.

Jua likamchoma. Akaingia kivulini kupiga hesabu zake.
Sikusema neno, nilimsogezea kigoda na lile jiwe.

Futi kamba imelala wazi mchangani,
sisimizi wanapita juu ya namba,
naye anapasua kungu, taratibu,
bila hasira.